Matroni Aliyetuamuru Tuketi

Aliyetaka kumuudhi Matroni alihitaji kumwambia tu kwamba hajachoka.

"Hujachoka," angerudia polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Umeingia alfajiri, umezalisha, umegeuza wazee kitandani, umetukanwa na jamaa za mgonjwa, na hujachoka. Basi wewe ndiye mgonjwa. Njoo nikupime."

Na kweli angekupima. Angekuwekea kiganja kwenye paji la uso mbele ya wodi nzima, akakuambia utoe ulimi, akautazama kwa makini, akatikisa kichwa. Wagonjwa walikuwa wakisahau maumivu yao kwa kucheka. Niliwahi kumwona akimfanyia hivyo daktari wetu, kijana mrefu wa kutoka Embu aliyependa kutembea na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Alitoa ulimi. Ungefanya nini, na mbele yako amesimama yule mama mpana, miwani kwenye ncha ya pua, na sauti iliyosikika hadi jikoni?

Hospitali ilikuwa ndogo, ya kanisa, katika vilima vya Imenti, kahawa huku na migomba kule. Mimi nilifika pale nikitoka chuo cha uuguzi, binti wa wakulima wa Githongo, nikiwa na sare mbili na imani kubwa kwamba muuguzi mwema ni yule asiyekaa chini. Matroni alinitazama nikipita mbio na beseni, siku yangu ya kwanza.

"Wewe, mwari wa Githongo. Kuna moto?"

"Hapana, Matroni."

"Basi tembea. Ukikimbia, wagonjwa wanadhani wanakufa."

Tangu siku hiyo aliniita mwari wa Githongo, yaani msichana wa kule kwetu, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Jina langu Kendi alilitumia mara chache sana, na nitaeleza mojawapo.

Kila mtu aliyefanya kazi naye anakumbuka benchi. Lilikuwa la mbao, refu, lenye mguu mmoja uliochezacheza, nyuma ya chumba cha kufulia, pale mashuka ya wodi yalipoanikwa. Saa nane mchana, zamu ya asubuhi ilipokabidhi kazi kwa zamu ya mchana, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kupita pale. Wauguzi, daktari, mama wa usafi, hata mpishi kama sufuria zilimruhusu. Matroni alitangulia kuketi, akavua viatu vyake vyeusi, akanyoosha miguu, akavitingisha vidole akivitazama kwa upendo.

"Hawa nao walikuwa kazini," alisema. "Wasalimieni."

Nasi tulivisalimia. Mara ya kwanza niliona aibu, nikadhani nimeingia mahali pa wendawazimu. Baada ya wiki chache nilivisalimia kabla hajaniambia.

Chai ilipokwisha kumiminwa, aliuliza maswali yake. Yalikuwa yale yale kila siku. Leo umebeba nini? Kimekuumiza wapi? Na la mwisho, ambalo kila mtu aliliogopa: kama aliyebeba hayo angekuwa dada yako, ungemwambia nini?

Hakuna aliyejibiwa kwa mahubiri. Mtu alisema, wengine wakasikiliza, Matroni akasema "bwega," neno letu la Kimeru la kukubali kwamba ni vyema, kisha zamu ikapita kwa mwingine. Ukitaka kutoa ushauri bila kuombwa, alikunyamazisha kwa kukutia kiazi kitamu mdomoni. Simaanishi aliashiria. Alikitia.

Daktari wetu ndiye aliyekataa kwa muda mrefu kuliko wote. Alikuja, maana alilazimishwa, lakini aliketi pembeni akiwa ametupa mgongo, na zamu yake ikifika alisema, "Mimi niko sawa."

"Sawa ya wapi?" Matroni aliuliza.

"Sawa tu, Matroni."

"Bwega. Aliye sawa apitishe sukari."

Ikawa hivyo hadi siku moja ya upepo mkali. Zamu yake ilifika, akafungua mdomo kusema yuko sawa, na shuka lililokuwa bado bichi likachomoka kwenye kamba likamfunika kichwa na mabega. Tulingoja alitoe. Hakulitoa. Alikaa ndani ya lile shuka kimya, maji yakimtiririka kwenye magoti, kisha sauti ikatoka humo, ndogo, tofauti kabisa na ile ya wodini.

"Kuna mtoto wa nimonia," sauti ilisema. "Ameanza kupumua vizuri leo. Nimeingia chooni nikalia. Sijui kwa nini nalia wakati mtoto amepona."

Mama wa usafi alifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilitazama chini nisicheke, kwa sababu mtu alikuwa akisema jambo la maana, lakini mtu huyo alikuwa shuka.

"Na kama ni dada yako aliyelia?" Matroni akaliuliza shuka kwa heshima zote.

Shuka lilifikiri. "Ningemwambia alikuwa ameogopa kwa siku nyingi, na leo ndiyo amepata nafasi ya kulia."

"Bwega," akasema Matroni. "Sasa toka humo, unalichafua."

Alipotoka, nywele zimelowa na uso umefunguka kama wa mtoto aliyeoga, tulicheka hadi benchi likayumba, naye akacheka kuliko sisi. Kuanzia siku ile, aliyekuwa na neno zito aliruhusiwa kwenda kusimama nyuma ya mashuka na kulisemea huko. Mgeni angepita angeona watu wamekaa wakizungumza kwa adabu na nguo zilizoanikwa.

Isidhaniwe kwamba Matroni alikuwa mlegevu. Kona za shuka la kitanda alizikunja kama bahasha, na akikuta zako zimelala ovyo, alilivuta lote na kukuachia uanze upya. Kulikuwa na muuguzi mmoja mchangamfu, tuliyeanza naye kazi mwaka mmoja, ambaye alidhani amegundua njia ya mkato. Siku moja Matroni alimuuliza kwa nini hakupima joto la mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

"Nimeamua kujihurumia, Matroni," akajibu, uso umejaa utakatifu.

Matroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu, kujihurumia si kumwibia mgonjwa. Kimbia ukapime joto. Ukirudi nitakuhurumia mimi mwenyewe, na kwa chai."

Ile ilikuwa mara pekee niliyomsikia akimwambia mtu akimbie. Na kweli aliporudi, chai ilimngoja, na hakuna aliyelitaja tena. Ndivyo alivyokuwa. Kosa lilirekebishwa, likazungumzwa, likaisha. Alisema binadamu anayejichapa kila siku kwa kosa la juzi hana mkono uliobaki wa kumshika mgonjwa wa leo. Alisema pia kwamba hata jenereta ya hospitali, yenye kelele na majivuno yake yote, tulikuwa tukiizima ipoe, na hakuna aliyeiita mvivu.

Nilimwelewa vizuri mwaka wangu wa pili.

Mama mmoja alijifungua mikononi mwangu, mtoto mzuri mwenye sauti, kisha damu ikaanza kutoka na haikukubali kukoma. Tulifanya yote tuliyofundishwa. Daktari alikuwapo, Matroni alikuwapo, gari lilikuwa limekwenda kutafuta damu hospitali kubwa. Alifariki kabla gari halijarudi. Nilimwosha mwenyewe. Nikamkabidhi bibi yake yule mtoto, nikaendelea na kazi, na kwa nje nilionekana sawa.

Lakini nilianza kumkemea kila mtu. Niliwakemea akina mama kwa kulia, nikamkemea mpishi kwa uji kuwa moto. Chakula kilinikwama. Nikinawa mikono nilinawa hadi ngozi ikauma. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na shangazi yangu mwenye duka la vitambaa Embu mjini, akaniambia nije, kazi ya kupima vitambaa haiui mtu. Begi langu lilikuwa limefungwa chini ya kitanda.

Kwenye benchi nilisema kama daktari: niko sawa. Matroni aliliacha lipite siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, badala ya "mwari wa Githongo", akasema, "Kendi. Umebeba nini?"

Kusikia jina langu kulinifungua kama mfuko uliopasuka chini. Nilisema yote. Nilisema ningeigundua ile damu mapema, ningepiga kelele mapema, mikono yangu ilikuwa ya polepole. Nilisema naenda kupima vitambaa. Hakuna aliyenikatiza.

"Dada yako yuko wapi?" Matroni akauliza.

"Githongo. Ni mwalimu."

"Haya. Leo ni yeye muuguzi. Yeye ndiye aliyekuwa na yule mama. Amekuja kwako usiku analia, anasema mikono yake ni ya polepole. Unamwambia nini?"

Nilijua mara moja. Hilo ndilo lililonishangaza. "Ningemwambia alipiga kelele mara alipoiona damu. Daktari alikuja. Gari lilikwenda. Ningemwambia hakumwacha yule mama hata dakika moja, alimshika mkono, na mama alijua ameshikwa."

"Ni kweli au unamdanganya dada yako?"

"Ni kweli."

"Basi mwambie Kendi. Kwa Kimeru, ndiyo aelewe. Huyo ni mgumu."

Nilitakiwa kujisemesha mwenyewe, kwa sauti, kwa jina, mbele ya mpishi. Nilianza: "Kendi…" na nikacheka. Nikaanza tena, nikacheka tena, maana nilisikika kama mama yangu akiniita nitoke shambani. Mara ya tatu nilifika katikati, na kicheko kikageuka kilio njiani bila kubadilisha sauti, kiasi kwamba mpishi aliendelea kucheka nami kwa muda kabla hajatambua, naye akaaibika, akalia pia. Mama wa usafi alinishika mabega. Matroni aliinama, akavaa viatu vyake, akaenda mwenyewe kuniletea uji, na alisimama pale hadi nikaumaliza.

Begi nililifungua Jumapili. Simaanishi maumivu yaliisha. Yule mama namkumbuka hadi leo, na namkumbuka kwa upole. Lakini niliweza kumkumbuka na bado nikala, na bado nikaingia wodi ya wazazi asubuhi nikapima njia ya kizazi kama kawaida.

Sasa niseme jambo ambalo sote tuliliona na hakuna aliyethubutu kulisema. Matroni mwenyewe hakujibu maswali yake hata siku moja. Tukimgeuzia, alisema yeye ni mwenyekiti, na mwenyekiti hana zamu. Likizo alizigawa kwetu kama peremende, ukichelewa kuchukua yako alikufukuza, lakini yake haikuonekana. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na alilala nyumba iliyo ndani ya uzio ili akiitwa asivae hata viatu.

Uliingia msimu wa baridi, ukungu hauondoki hadi saa sita, na wodi ya watoto ikajaa wagonjwa wa kifua hadi tukawalaza wawili wawili. Matroni alifanya kazi kana kwamba ndiye aliyewaambukiza. Aliacha kuimba, na jambo hilo lingetutia shaka mapema kama tusingekuwa tunafurahia kimya, maana aliimba vibaya sana. Kisha asubuhi moja alimpigia kelele mama wa usafi kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Kelele za kweli, za maneno makali, kwa mwanamke aliyefagia hospitali ile tangu haina umeme. Mama wa usafi aliokota kijiko, akatoka.

Saa nane tuliketi kwenye benchi. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa wazi. Daktari alitumwa kumwita, akarudi akisema Matroni ana kazi.

Mama wa usafi, macho bado mekundu, alisimama. "Kama hawezi kuja kwa benchi," akasema, "inukeni."

Tulilibeba. Daktari mbele, mpishi nyuma, sisi katikati, benchi refu kupita mlango wa kufulia, kupita korido ya wanaume, tukigonga kila kona. Mzee mmoja aliinuka kitandani kuuliza tunamzika nani. Mwingine akatufuata na mkongojo wake, ili asipitwe. Tulipofika ofisini kwa Matroni, daktari aliingia na ncha moja, akakata kona vibaya, na benchi likakwama mlangoni. Tulivuta, halikutoka. Tulisukuma, likazidi kujibana. Daktari na Matroni walikuwa ndani, sisi nje, na hakuna ambaye angepita bila kuruka kama mbuzi.

Kisha tukasikia mlio, kama birika linalokaribia kuchemka. Ulikuwa wa Matroni. Alikuwa akijizuia kucheka, akashindwa, akacheka hadi miwani ikaanguka, na akiwa katika kicheko hicho akaketi kwenye ncha yake ya benchi, ndani, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda. Mama wa usafi akaketi kwenye ncha ya nje. Mlango ulikuwa katikati yao.

"Umebeba nini, Matroni?" akauliza mama wa usafi.

"Nimekubebesha wewe," akasema. "Nisamehe. Kijiko hakikuwa na kosa, wala wewe."

"Nimekusamehe. Kimekuumiza wapi?"

"Naogopa kuketi kweli kweli, kupumzika," Matroni akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Ninyi nawaketisha. Mimi naogopa kwamba nikiketi, sitainuka tena."

"Na kama ni dada yako?"

"Ningemwambia…" Alivua kiatu kimoja, akakishika. "Ningemwambia aende nyumbani akalale, hospitali haitaanguka."

"Basi nenda."

Alikwenda kwa dada yake wa kweli, Embu. Siku ya pili alirudi. Soja wa geti, aliyekwisha kupewa maagizo na sisi, alimwambia hawezi kuingia, yuko likizo. Akaenda hadi soko la Kanyakine, akarudi saa za kutazama wagonjwa akiwa na kichana cha ndizi na kitambaa kichwani, akajiunga na foleni ya wageni kwa unyenyekevu.

"Umekuja kumwona nani, mama?" soja akamuuliza.

"Mgonjwa wangu."

"Anaitwa nani?"

Matroni alifikiri sana. Alitaja jina la mtu ambaye tulikuwa tumemruhusu kwenda nyumbani wiki iliyotangulia. Soja alizichukua ndizi, akaahidi kumfikishia, akampungia mkono. Alirejea mwisho wa mwezi akiwa na mashavu, akiimba vibaya kuliko kwanza. Na tangu hapo mwenyekiti alikuwa na zamu kama sisi. Mara nyingi aliitumia kulalamikia magoti yake, lakini alijibu.

Alistaafu akahamia Embu moja kwa moja. Nami miaka ilinipeleka huku na huko, hadi nikawa msimamizi wa wauguzi katika hospitali nyingine, mwenye simu isiyonyamaza. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa nimehudhuria mkutano wa wizara Embu mjini. Ulipokwisha mapema alasiri, nikaulizia kwake, nikaelekezwa nje kidogo ya mji, kwenye njia ya vumbi kati ya mashamba.

Nilimkuta katikati ya njia ile akisukuma baiskeli. Nyeusi, kubwa, mpya. Alikuwa amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni, na goti moja lilikuwa limechunika. Jirani yake, mama muuza mboga, alitembea nyuma yake akitoa maelekezo ambayo hakuyasikiliza.

"Matroni, ni ya nani?"

"Yangu. Nilitamani tangu nikiwa shule, nikaambiwa wasichana hawapandi. Sasa hakuna aliyebaki hai wa kunikataza." Aliniangalia kuanzia viatu vya kisigino hadi beji ya mkutano. "Wewe unajua kupanda?"

"Nilijua zamani."

"Panda nikuone."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sketi ya kubana, safari ya kurudi, na watu watatu waliokuwa wakinipigia simu. Nilivua viatu, nikampa simu mama muuza mboga, nikapandisha sketi na nikapanda. Njia ilikuwa na mteremko ambao sikuuona. Upepo ulinijaa mdomoni, na nilisikia mtu akipiga ukelele wa furaha, kumbe ni mimi. Nilipotafuta breki, sikuipata. Nilikata kona nikaingia katikati ya shamba la nyasi za ng'ombe, nepia ndefu kunizidi, na ikanilaza taratibu kama kitanda, baiskeli juu yangu.

Nililala nikitazama mawingu. Nilicheka peke yangu mule ndani hadi mbavu zikauma. Baadaye nikasikia majani yakisukumwa, na uso wake ukatokea juu yangu.

"Umeumia?"

"Kidogo tu. Kiwiko."

Alikitazama kiwiko, akaridhika. Akaondoa baiskeli, akashikilia mgongo, akajishusha polepole na minong'ono mingi kwa magoti yake, akalala kando yangu. Simu yangu ililia mbali huko barabarani, ikaacha.

Kisha mwenye shamba akaja na panga na kamba kukata nyasi za jioni. Aliposogea alituona, wanawake wawili wazima, mmoja mwenye mvi na mmoja mwenye beji, wamelala chali katika nepia yake.

"Akina mama," akasema, "mnafanya nini hapa?"

"Tunapumzika," Matroni akamjibu bila kugeuza kichwa. "Anza upande ule mwingine. Ukifika huku, tutahama."

Yule mzee akatema mate kwenye kiganja, akashika panga vizuri, akaenda kuanza upande ule mwingine.